Ushahidi wa Fundi Muinde

Muinde ameshika spana hapa Voi miaka ishirini na sita, na hakuna mtaa asioujua kwa mabomba yake. Lakini asubuhi hiyo, ndani ya ukumbi wa kanisa, alikaa kama mwanafunzi anayengoja kiboko.

Kamati ya kitaifa ilikuja kuchukua maoni juu ya kiwango kipya cha mabomba, na ilikuwa siku ya mwisho. Lisiloandikwa leo lingengoja miaka mitano, kiwango kitakapopitiwa tena. Kilichomkera ni kifungu cha kumi na tisa: valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma iwe lazima viwandani na hospitalini tu.

"Iwe lazima kwa kila mfereji unaofungwa mpira wa maji," alisema. "Hapa kwetu maji ni ya mgao. Yakikatwa, bomba hunyonya kinyumenyume. Mpira ukiwa ndani ya uchafu, ule uchafu unaingia kwa maji ya kunywa."

"Nimekuelewa, fundi," alijibu mwenyekiti, Injinia Koki. "Lakini hatubadilishi kifungu kwa hofu tu. Ilitokea wapi? Nani alidhurika? Nani alifunga huo mfereji?"

Lo! Ndilo swali alilokuwa akiliogopa. Safu ya tatu alikaa Dinah, aliyekuja kulalamikia mgao. Miaka miwili nyuma, mtoto wake Abby alitapika hadi akalazwa siku nne. Dinah alimlaumu mama mkwe, kwa kuwa ndiye aliyepika uji. Akamwita mchawi mbele ya majirani, mama wa watu akafunga nguo zake akarudi kwao Sagalla. Na Muinde aliujua ukweli tangu wiki ile ile! Kwa Nzau, anayechangia bomba moja na Dinah, alikuta mpira umezama ndani ya pipa la dawa ya kupe. Mfereji wenyewe alikuwa ameufunga yeye, bila valvu, kwani siku hiyo hakuwa nayo na hakuna kanuni iliyomlazimisha. Akaiweka hiyo valvu kimyakimya, asimwambie mtu. Mwoga mkubwa!

Hata sasa angeweza kukaa chini. Leseni ingebaki, jina lingebaki. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini nani anapenda kujivua hadharani?

"Ni kwa Nzau," alisema. "Aliyedhurika ni Abby, mtoto wa huyu mama. Fundi ni mimi."

Koki aliandika, kisha akamsogezea fomu.

"Weka sahihi. Kifungu kitarudi mezani. Na leseni yako pia itajadiliwa, sikufichi."

Muinde akaweka sahihi. Alipogeuka, Dinah alikuwa amesimama mbele yake, machozi ya hasira yamemjaa.

"Hawa umeshawaambia," alisema. "Sasa twende Sagalla ukamwambie mama mkwe. Mimi peke yangu sina uso wa kufika kwake."