Ushuhuda wa Mume Wangu

Mume wangu alishuhudia kanisani kwamba amepona kifua kikuu akiwa bado na miezi sita ya dawa mbele yake, na aliyemsukuma asimame ni mimi. Nianze na hilo, maana miaka yote hii nimelizunguka na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tulikuwa tunakaa Igogo, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kazini walikuwa wamempunguza, akawa anauza mitumba ameitandaza chini kwenye turubai, na hapo hapo anakohoa mpaka wateja wakaanza kumkwepa. Siku alipotema damu nilichanganyikiwa. Nikafunga siku tatu, nikalia mbele za Mungu mpaka sauti ikakauka, nikamwambia wazi: mponye huyu, au uniambie kabisa kwamba hunisikii. Ndivyo nilivyo, hata kwa Mungu nina mdomo.

Zahanati wakampima, wakamwanzishia dawa. Miezi miwili ya kwanza alikwenda kila asubuhi kumeza mbele ya muuguzi, kisha akawa wa kupewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani, mpaka itimie miezi minane. Hiyo miwili haijaisha, kikohozi kikakata. Akaanza kula ugali na sato, mashavu yakarudi, akawa ananitania kwamba sasa mgonjwa ni mimi niliyekonda kwa kufunga. Mimi nikajua nimejibiwa.

Kwetu, ukiombewa ukapona, unasimama mbele ya kanisa kushuhudia. Usiposhuhudia umemwibia Mungu utukufu wake. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyokuwa nawafundisha wenzangu kwenye kikundi cha akina mama. Mume wangu alisita. Alisema tungoje kwanza amalize dawa. Nikamwambia anayaaibisha maombi yangu, na Jumapili ile nilimshika kiwiko nikamwinua.

"Bwana asifiwe," akasema. "Nilikuwa na kifua kikuu, Yesu ameniponya."

Vigelegele vikatanda kanisa zima. Nililia kwa furaha na, niseme ukweli, kwa majivuno pia.

Sasa zahanati angerudije? Ilikuwa pale pale njiani, akina mama wa kikundi wanapita kila siku kwenda sokoni. Mtu ameponywa Jumapili, Jumatatu aonekane kwenye foleni ya wagonjwa wa kifua? Mchungaji hakumkataza dawa, wala hakuulizia. Ni sisi wenyewe tuliona haya. Vidonge vya mwezi wa tatu, alivyokuwa ameshakabidhiwa, nilivitumbukiza chooni kwa mkono wangu. Muuguzi alipotuma mtu kumfuatilia, nilisema mgonjwa amesafiri.

Kikohozi kilirudi wakati wa masika. Alikuwa anakohoa amejiziba mdomo na mto, nami naimba pambio kwa sauti ya juu ili majirani wasisikie. Jamani, nimeimba miezi ile. Nilifunga tena, nikaomba tena, lakini sikuwa na ujasiri ule wa kwanza. Nilikuwa naomba kama mtu anayejua kosa lake na hataki kulitaja. Kanisani bado walikuwa wanamtolea mfano.

Alipobaki mifupa mitupu tulikwenda hospitali moja Misungwi, ambako hakuna aliyetujua. Muuguzi wa pale, binti mpole, akamwandika jina na umri, kisha akauliza, "Baba amewahi kutumia dawa za kifua kikuu?"

Mume wangu akaniangalia mimi. Angeweza kusema ndiyo, lakini aliniachia mimi, na mimi nikafikiria watu wetu, nikafikiria ule ushuhuda, nikajibu: "Hajawahi."

Wakampa dawa zile zile za mwanzo. Wiki zikapita, hakuna nafuu. Baadaye ndipo nilipokuja kuelewa kwamba mtu aliyekatisha dawa katikati hatibiwi sawa na mgonjwa mpya, kwamba ugonjwa unakuwa umeshazizoea dawa, na kwamba ndiyo maana binti yule aliuliza. Nilipoona hawezi tena hata kukaa, nikamfuata daktari nikamwambia yote, la kanisani, la chooni, na ule uongo wa siku ya kwanza. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliagiza sindano zianze siku hiyo hiyo, na nilivyomwona anavyoandika nilijua anaandika tu kwa sababu ni kazi yake.

Mchana mmoja, wodi ikiwa imetulia, mume wangu aliniomba nimwombee. Nikamwambia tuombe wote wawili, nikamshika mkono. Akautoa taratibu. Hakuwa na hasira nami, na mpaka leo hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

"Omba wewe," akasema. "Mimi nilishamshukuru mbele za watu wote. Sasa nitamwomba nini?"

Nikapiga magoti sakafuni, nikafumba macho. Nilitafuta pa kuanzia nikakosa. Kila neno nililolishika lilikuwa limeshatumika, nilikuwa nimelisema kwa sauti kubwa nikapigiwa vigelegele. Nilipofumbua macho, ya mume wangu bado yalikuwa yamefumbwa, na mikono ameiweka pamoja kifuani, anasubiri nianze.