Visanduku vya Mashine

Karani wetu wa takwimu pale Biharamulo hakuandika kitu bila kwanza kupuliza karatasi, hata ikiwa safi. Vijiji vilituletea majedwali ya mifugo yaliyoandikwa kwa mkono, naye aliyahamishia kwenye visanduku vya fomu za kompyuta ya Dar es Salaam, tarakimu moja kisanduku kimoja, akiteremsha rula mstari kwa mstari huku akinong'ona kama anayesali rozari. "Mashine haisomi maneno," alizoea kutuambia, "na kisanduku kitupu kwake ni sifuri."

Mwaka ule vita vya mpakani vilipokwisha, jedwali moja lilikuja na neno badala ya namba kwenye safu ya ng'ombe wa mzee Luhende, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. Liliandikwa: "Wapo." Sifuri ingemkosesha dawa ya josho, kwa hiyo akaitwa.

"Shikamoo, baba. Ng'ombe wako ni wangapi?"

"Marahaba, binti. Ng'ombe hawahesabiwi. Ukiwahesabu wanakufa."

Karani akapuliza karatasi. "Basi usiwahesabu. Nitajie majina yao tu."

Uso wa mzee ukachangamka. Akawataja mmoja mmoja, Mabaka, Mkorofi, yule aliyezaliwa siku ya mvua ya mawe, na kwa kila mmoja karani akachora kijistari, akikificha kwa kiganja. Mwishowe akajaza kisanduku. Mzee akainama, akakitazama kwa muda.

"Amepungua mmoja," akasema.

"Kumbe idadi yao unaijua, baba?"

"Siijui," akajibu. "Lakini hapo amepungua mmoja."