Wamenihukumu kwa Sahani ya Pweza, Huku Wanakula Pilau Yangu

Admin, jina langu lifiche, lakini mtaa wetu wa Dunda uache kama ulivyo. Wanaonijua watanijua tu. Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa miaka kumi na tisa, nina watoto watatu, na naishi na mume wangu na mama yake hapa Bagamoyo. Mume wangu hanipigi wala hanitukani. Nalisema mapema ili msije mkajaza komenti za "muache" kabla hamjamaliza kusoma.

Kazi yangu ni achari ya embe. Kila Alhamisi napeleka ndoo zangu Dar, kuna duka kule Masaki wanazichukua zote. Nikimaliza inakuwa saa kumi, na foleni ya kutoka mjini saa hizo mnaijua. Karibu na duka hilo kuna mgahawa wa kisasa, viti vya kamba, maua mpaka ukutani, na nje kuna kibao: hepi awa, saa kumi hadi saa moja, vyakula bei nusu. Nilipita mbele ya kibao kile miezi na miezi. Siku moja mvua ikaninyeshea, nikaingia.

Wallahi sikuingia kutafuta mtu. Niliagiza pweza wa kuchoma na juisi ya ukwaju. Dada mhudumu akaleta sahani inafuka moshi, akaniuliza, "Nikuongezee ndimu, mama?" Halafu akaondoka, akaniacha nile. Jamani, nililia. Nichekeni, lakini nililia.

Kwetu sinia la wanaume linatangulia ukumbini, la watoto linafuata, na aliyepika anakula mwisho. Anakula kilichobaki, kimeshapoa, huku anaitwa: "Leta maji!" "Pilipili iko wapi?" Nimekula ukoko miaka kumi na tisa mpaka watu wanaamini ndicho chakula nikipendacho. Mume wangu huwaambia watoto, "Ukoko mwachieni mama yenu, anaupenda," na anasema kwa mapenzi kabisa.

Basi ikawa kila Alhamisi. Nakula, nanawa, natafuta gari, Isha inanikuta njiani au nyumbani. Mpaka mwezi uliopita, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu anayefanya kazi Dar, akanipiga picha kwa siri akaituma kwenye grupu la familia. Ile glasi ya ukwaju ilikuwa na kipande cha limao na mrija, ikaonekana kitu kingine. Maneno yakaanza. Mara nalewa, mara nina bwana. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza shemeji yeye pale meza ya pili alikuwa anakunywa nini.

Ijumaa baada ya swala wakaitisha kikao, wazee wote wa upande wa mume, na shemeji naye kajaa tele. Nani kawapikia? Mimi. Nimeitwa kutoka jikoni kwenda kuhukumiwa, mikono inanuka vitunguu, wenyewe wanajiongezea pilau.

Nikasema, "Ilikuwa ukwaju. Anayebisha aende akaulize."

Mume wangu akasema, "Naamini ilikuwa ukwaju." Nikashusha pumzi, kumbe bado. "Lakini mke wa mtu anakaaje mezani peke yake, anakula, watu wanamtazama? Kwani nyumbani hakuna chakula?"

"Kipo," nikamjibu. "Si hicho mnakila."

Shemeji akasema, "Mmemsikia lakini?" Wakataka niombe radhi. Sikuomba, na mpaka leo sijaomba. Mume wangu akasema mbele yao wote, "Basi siku utakayokwenda tena kule, gari ikifika Kerege ushuke hukohuko. Hapa usije." Kerege ndiko kwetu, nyumbani kwa baba. Alisema bila kuniangalia. Iliniuma, sitawaficha, kwa sababu namjua, akishatamka mbele ya wakubwa harudi nyuma. Na mimi nyumba yangu naipenda.

Alhamisi mbili sikwenda, ndoo nikazituma kwa gari. Leo asubuhi niko uani namenya embe, akaja mama mkwe. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akakaa mkekani, akachukua kisu, tukamenya wote. Huyu mama ana miaka sabini na tatu, na kwenye kikao kile hakutamka neno. Mara akaniuliza, macho yake kwenye embe:

"Huyo pweza wao wanampikaje?"

"Wanamchoma, mama. Wanamtia ndimu na pilipili."

"Anakuja wa moto?"

"Anafuka moshi."

"Mgumu?"

"Laini. Hata wewe utamtafuna."

Akacheka, meno yake yamebaki ya kuhesabu. "Nimepika nyumba hii miaka arobaini," akasema. "Cha moto nimeanza kupewa juzi hapa, meno yameshakwisha. Alhamisi nipeleke."

Nikamwambia, "Mama, mwanao amesema nikienda nishuke Kerege."

Akaweka kisu chini. "Tutashuka wote. Tuone atapikiwa na nani."

Ndugu zangu, nimechanganyikiwa. Kujificha sitaki. Nikienda, nitamuaga mume wangu mchana kweupe na kumwambia naenda wapi, na najua jibu lake. Mimi kulala Kerege naweza. Lakini nimtoe mama wa watu kwake, kwa umri ule, iwe fitina kati yake na mwanawe, kwa sababu ya pweza? Na nikimkatalia, nitamwambia nini, aendelee kusubiri?

Wale wa kuniambia niombe radhi, piteni kimyakimya. Nyinyi wengine nishaurini: nimpeleke, nisimpeleke? Fanyeni haraka, Alhamisi ni keshokutwa, na mama ameshapiga pasi baibui lake.