Sista Sindano na Komeo la Saa Tisa

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka la kushonea nguo, juu ya kitambaa ambacho mteja wake hakukitaka tena. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake mkata vitambaa, na inasemekana binti huyo alijua kutunga uzi kwenye tundu la sindano kabla hajaweza kutamka vizuri jina lake. Alikulia chini ya meza ya kazi, akiokota pini kwa sumaku na kusikiliza wateja wakitoa ya moyoni huku wakipimwa mabega. Tangu utotoni alifahamu jambo ambalo wahubiri wengi hawalifahamu mpaka wanazeeka: mtu akivuliwa koti, huvua na mengine.

Wito ulimfikia akiwa na miaka kumi na tisa. Sista mmoja mmisionari, aliyekuwa likizoni kwao, aliingia dukani na kanzu iliyochanika pindo. Wakati pindo likishonwa, alisimulia habari za mji wa mbali alikotumwa, mji wa viwanda, ambako watu walifanya kazi kwa zamu na kufa bila wa kuwashika mkono. Binti akauliza, "Na nguo zao anawashonea nani?" Sista akajibu, "Hakuna." Neno hilo lilimkaa rohoni, likamnyima raha. Alipowaambia wazazi kwamba anaondoka, baba yake alimaka: "Na cherehani hii nimwachie nani?" Akajibu, "Baba, hapa mafundi tumebanana mpaka tunachomana sindano. Kule hakuna hata mmoja." Mama alilia kutwa nzima, kisha akafuta macho, akachukua mkasi na kumkatia kanzu mbili za safari.

Alipomaliza malezi yake na kuweka nadhiri za kwanza, alitumwa katika mji ule ule. Nyumba ya masista ilikuwa ya matofali, imebanwa kati ya kiwanda cha nyuzi na majengo marefu ya wafanyakazi, yenye ngazi nyembamba na madirisha yaliyoingia vumbi la pamba. Lugha ya huko alikuwa ameisoma kwenye vitabu vya ibada tu, na hilo lilimponza asubuhi ya kwanza alipotumwa kwa mwoka mikate. Alisimama mbele ya meza, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kanisani, "Ee mwenye rehema, umtazame mkosefu huyu, umjalie mikate miwili." Duka zima liliangua kicheko. Mwoka mikate akafuta mikono, akamwambia, "Inua kichwa, dada yangu. Rehema ziko kwa Mungu. Kwangu kuna mikate tu, tena bado ya moto." Naye akacheka kuliko wote, na tangu siku hiyo alipata rafiki.

Maisha yake ya kila siku hayakuwa na makuu. Aliamka alfajiri, akafagia ngazi, akasali, akanywa uji, kisha yeye na mwenzake walitoka kubisha hodi mlango kwa mlango. Milango mingi ilifunguliwa kidogo na kufungwa haraka. Kuhubiri hakuweza, maana maneno yalimpiga chenga; lakini akiona koti limekatika kifungo alilionyesha kwa kidole, akakaa kwenye ngazi, akatoa sindano. Watu wakaona kwamba huyu mgeni hana la kuwaambia, basi wakamwambia yao. Walimwambia habari za waume waliopotea, za vidole vilivyokatwa na mashine, za watoto wasiokua. Kwa njia hiyo alijifunza lugha yao, na wao wakampa jina: Sista Sindano.

Katika nyumba ile kulikuwa na desturi kwamba kila Ijumaa, baada ya chakula cha jioni, kila sista alipiga magoti mbele ya wenzake na kuomba radhi kwa makosa ya wiki. Sista Sindano alikuwa bingwa wa desturi hiyo. Aliomba radhi kwa vikombe alivyovunja, kwa uji aliounguza, kwa kucheka kanisani, hata Mama Mkuu alimkatiza siku moja: "Inatosha, mwanangu. Tuachie na sisi nafasi, tuna dhambi zetu."

Desturi ya pili ilikuwa nzito zaidi. Saa tisa alasiri kengele iligongwa, komeo la mlango wa mbele likateremshwa, na masista wakaingia kanisani kwa saa nzima ya kimya. Katika saa hiyo mlango haukufunguliwa kwa mtu yeyote. Sista Sindano alikabidhiwa komeo hilo katika mwaka wake wa mwisho kabla ya nadhiri za daima, zile ambazo alizitamani tangu dukani kwa baba yake. Alasiri moja, kimya kikiwa kimetanda, mlango ulipigwa kwa kishindo. "Sista! Fungua! Mama ananifia mgongoni!" Aliitambua sauti. Ilikuwa ya mtia rangi wa kiwandani, ambaye Sista mwenyewe alikuwa amemshonea mkono wa koti. Mwenye nyumba alikuwa amewatupa nje kwa sababu ya kikohozi cha mama yake mzee. Masista wote walisikia, wote wakainamisha vichwa. Sista Sindano aliinuka, akaliondoa komeo, akampokea yule bibi na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe.

"Binti, nitakuchafulia mashuka," bibi alimwambia.

"Chafua tu, bibi. Sabuni ipo."

Bibi alifia hapo baada ya siku chache, ameoshwa uso, ameshikwa mkono. Ijumaa ilipofika, Mama Mkuu alisubiri. Hakuwa mtu katili. Aliilea nyumba ile kwa kimya kile katika miaka ya njaa, akaamini kwamba ikikosa komeo itageuka soko. Sista Sindano alipiga magoti, akaomba radhi kwa sahani aliyovunja na kwa kusinzia wakati wa sala, akainuka.

"Na mlango?" Mama Mkuu akauliza. "Sikuulizi kama ulimhurumia. Nakuuliza kama ulivunja kimya. Sema neno moja, mwanangu, na mwezi ujao uweke nadhiri zako."

"Kwa mlango siombi radhi, Mama."

Nadhiri zikaahirishwa. Alinyang'anywa komeo, akapelekwa jikoni, wala hakunung'unika. Wenzake walipoweka nadhiri zao, kanzu walizovaa ni yeye aliyezishona, na waliomtazama siku hiyo walisema uso wake ulikuwa wa mtu aliyealikwa, si wa aliyeachwa.

Kisha akaanza kukohoa kikohozi kile kile cha bibi. Mama Mkuu alimuuguza kwa mikono yake mwenyewe, na alipoona mwisho umekaribia alimwinamia: "Neno moja tu, mwanangu, nikuletee pete yako ya nadhiri za daima." Mgonjwa akajibu taratibu, "Mama, nikilisema, yule bibi atakuwa amefia kwenye kosa. Niache mimi bila pete, yeye abaki amefia kitandani." Kengele ya saa tisa ikagongwa. Kwa mara ya kwanza tangu aingie utawani, Mama Mkuu hakwenda kanisani. Alibaki ameushika ule mkono mpaka ukapoa.

Sista Sindano alikuwa na miaka ishirini na minane. Wafanyakazi walikuja kumzika wamevaa makoti, na karibu kila koti lilikuwa na kifungo kisichofanana na vingine. Mpaka leo wanasema kifungo alichokishona hakikatiki. Koti la mwoka mikate limechakaa hata halifai kuvaliwa, lakini kifungo chake kimoja cheusi bado kimeshika. Waliomuomba awaombee wanasimulia mengi, na Kanisa lina wakati wake wa kuyapima. Lakini wewe kijana unayetamani kutumwa mbali, usingoje mpaka ulimi wako uwe mwepesi. Tazama koti la jirani, ukae kwenye ngazi yake.

Siku iliyofuata maziko, Mama Mkuu alichukua bisibisi, akaling'oa komeo. Kimya cha saa tisa kiliendelea, ila mlango ulirudishwa tu bila kufungwa, na mara nyingi ulisukumwa. Miaka ikapita, akaja padre mkaguzi kutoka makao makuu, akauliza ni nani aliyeruhusu desturi ya waanzilishi ivunjwe. Mama Mkuu, aliyekuwa sasa mzee wa mkongojo na sikio moja zito, akajibu kwamba ni yeye. Padre akamwambia kwa upole kwamba wakubwa hawataki makuu. Aombe radhi tu, yaishe. Mzee akakaa kimya. Padre, akidhani hajasikia, akarudia kwa sauti kubwa.

"Nilikusikia tangu mwanzo, Padre," akasema. "Siombi."