Miezi Miwili ya Bwana Harkby Usumbura

Kitabu changu kilikuwa na pengo la miezi miwili, ndiyo sababu niliondoka Kigoma. Ninaandika maisha ya Bwana Harkby, Mwingereza aliyeanza kwa kuchimba makaa ya mawe, akawa mbunge, kisha waziri, katika miaka iliyo kati ya vita vikuu viwili. Watu wa aina yake nawaelewa: diploma yangu ya historia niliipata Uingereza huku nikiosha sahani hotelini, wala hakuna mjomba aliyenishika mkono. Aliposhindwa uchaguzi, Harkby alitoweka kwa miezi miwili. Karatasi moja tu ilitaja duka la Waarabu mjini Usumbura, yaani Bujumbura ya leo.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda gari la kwenda mpaka wa Manyovu. Ng'ambo, barabara inateremka hadi ziwani, michikichi kila upande. Mjini Rumonge wauzaji walisukuma ndagala, yaani dagaa, madirishani. Mimi nilikuwa napanga maswali yangu arobaini.

Saa nane nilifika Bwiza, mtaa wa Bujumbura. Hajati Ruqaya, mwenye duka la vitenge, ni mjukuu wa Mwarabu aliyekuwa na duka lile la kwenye karatasi. Alipima kitambaa huku nikimweleza Harkby tangu mgodini hadi uwaziri.

“We unamujua kuliko mama yake,” alisema. “Kula kwanza.”

Baada ya pilau akatoa bahasha sandukuni. Nikasimama.

“Huyu muzungu alikuja hapa amevunjika moyo. Aliandika yote, akamupa babu, akasema: musionyeshe mutu.”

“Lakini Hajati, alishakufa zamani. Na mimi ni msomi, nina diploma.”

“Diplome ya kusoma siri za wageni wa babu yangu?” Alicheka, akairudisha bahasha. “Apana, mwanangu. Hii ni amana. Mwenyewe kufa hakuifungui.”

Nilibembeleza hadi adhana ya magharibi. Mimi, niliyefunguliwa makabati ya nyaraka London, nilishindwa na sanduku moja la mbao.

Asubuhi nilirudi kumuaga, nikiwa na swali moja tu: niandike nini?

“Andika alifikia kwetu, tukamupokea. Basi.”

Njia nzima ya kurudi nilipambana na kishawishi cha kubuni, maana mchapishaji anasubiri sura kamili. Nimejifunza kwamba kazi ya mwanasiasa ni ya watu wote, lakini machozi yake ni ya aliyempokea. Sura ya tisa nimeimaliza. Ina mstari mmoja: Aliposhindwa, alifikia Usumbura kwa watu waliomtunza, na hadi leo wanamtunza.