Uzito wa Koplo Selemani

Siku ya kwanza niliporipoti kwenye kikosi cha helikopta sikuruhusiwa kugusa hata mlango wake. Mkufunzi Mkuu, kapteni mwembamba mwenye sauti ya mwadhini, alinikabidhi ufagio. Nikafagia banda zima la ndege, na kila nilipomaliza upande mmoja alinijia na swali. Kwa nini mapanga ya juu yamepinda kidogo? Kwa nini kuna panga dogo mkiani? Nikisema, "Sijui, afande," alinijibu, "Basi endelea kufagia huku unafikiri." Kufika saa saba mchana nilikuwa nimeng'amua kwamba bila lile panga la mkiani helikopta nzima ingezunguka kama pia. Nikajua pia kwamba mtu huyu nitapatana naye. Mama yangu kule Tanga alikuwa akinipiga makofi kwa maswali yangu, na hapa nimepata watu wanaonilipa mshahara niulize.

Leo naishi Granville, Sydney, kwa binti yangu anayetunza wazee. Helikopta ya hospitali ikipita juu ya paa kuelekea upande wa Parramatta, natoka nje na kikombe changu kuisikiliza, majirani wanacheka. Nimetakiwa niwaandikie vijana jinsi tulivyofanya kazi, nami nimekubali. Lakini kuna safari moja ambayo kwa miaka yote hii niliisimulia nusu nusu, na mtu aliyestahili kuisikia yote sikuwahi kumwambia.

Wengi hudhani kazi ya rubani ni kurusha. Nusu ya kazi yetu ilikuwa kupima. Helikopta hujinyanyua kwa kusukuma hewa chini, na hewa ya milimani wakati wa jua kali ni nyepesi, haisukumiki. Mzigo ulioubeba kwa urahisi huku pwani, kule juu utakushinda. Ndiyo maana Fundi Mkuu wetu, sajini asiyecheka hata kwenye harusi, alisafiri na mizani ya kuning'iniza kama ya wauza nyama. Kila kilichoingia alikipima: sanduku la risasi, mkoba wa daktari, hata buti zangu za akiba. Tena kulikuwa na desturi kikosini petu: fundi akitia sahihi kwamba helikopta ni nzima, lazima apande naye. "Sahihi yangu ina roho yangu ndani yake," alikuwa akisema. Sijaona njia bora zaidi ya kumfanya mtu akaze boliti.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha rubani mwenyewe. Ukishapakia, unanyanyuka kimo cha goti tu na kuelea hapo, macho kwenye geji ya nguvu. Mshale ukifika kwenye mstari mwekundu kabla hujapanda, mzigo umezidi. Hapo hakuna mjadala. Unashuka, unapunguza.

Vita vya mpakani vilipoanza nilikuwa luteni mwenye masharubu machache na maswali mengi. Tulipeleka risasi mbele na kurudi na majeruhi. Niseme ukweli, niliogopa kila siku, na kila siku nilitamani kujua kuna nini nyuma ya kilima kinachofuata.

Siku hiyo tuliitwa kwenye kijiji kimoja cha milimani ambako wanakijiji walikuwa wamewaficha majeruhi wetu watano kwa siku mbili. Tulitua kwenye uwanja wa shule. Mganga wa kikosi akasimamia machela zikiingia, Fundi Mkuu akasimama nyuma kuwazuia watu wasisogelee panga la mkiani, ambalo likizunguka halionekani. Ndipo bibi mmoja akaja mlango wa upande wangu na wanawake wenzake, wamejitwika mikungu mitatu ya ndizi na gunia la viazi vitamu. Akasema, "Mwanangu, wageni wetu hawaondoki mikono mitupu."

Mizani iko kwa fundi, nyuma. Ningeweza kumwita. Lakini kwetu zawadi haipimwi mbele ya anayeitoa, na yule bibi alikuwa amelisha askari wetu kwa chakula ambacho wajukuu wake wangekila. Nikamwambia, "Asante sana mama, weka tu." Nikageukia geji zangu. Kabla hata injini haijashika kasi, ndizi zilikuwa zimeshatoka kichwani mwangu.

Nikanyanyua kimo cha goti. Mshale ukagonga mstari mwekundu, sauti ya mapanga ikawa nzito, tukarudi chini kwa kishindo. Nikahesabu watu. Nilihesabu watu tu. Nikapiga kelele kwa mganga, "Mmoja ashuke!"

Mganga akawatazama wote watano. Wanne walikuwa kimya. Wa tano, koplo aitwaye Selemani, alikuwa na risasi gotini na alikuwa akimtania mwenzake. Mganga akasema, "Anayeongea anaweza kusubiri." Wakamshusha. Nilimpungia mkono kupitia kioo, nikamwonyesha saa yangu: narudi leo leo. Naye akanipigia saluti akiwa amelala.

Tulipotua kambini Fundi Mkuu akafungua mlango, akainama chini ya machela iliyobaki tupu. Akavuta mkungu wa kwanza. Akavuta wa pili. Akazitundika ndizi zote kwenye mizani yake, na gunia pia, bila neno. Kisha akanigeukia. "Afande, na huyu naye ni abiria?"

Zilikuwa kilo themanini na mbili. Selemani alikuwa kijana mwembamba, hakufika hizo.

Nikakimbilia kwa Mkuu wa Kikosi kuomba mafuta nirudi. Mafuta nilipata, lakini mawingu yalikwisha funika vilima. Nilijaribu mara mbili, mara mbili nikageuza. Mkuu aliniita ofisini, akaniangalia kwa huruma, jambo lililoniumiza zaidi kuliko matusi. "Luteni, katika ripoti andika uzito wa watu. Ndizi usiziandike. Zitakuvunja bure." Nikafanya hivyo. Tulimchukua Selemani asubuhi iliyofuata akiwa na homa, mguu umeshaoza. Hospitalini waliukata juu ya goti.

Nilikwenda kumwona. Nilimwambia, "Uzito ulizidi." Akasema, "Naelewa, afande." Alijifunza cherehani ya kuendesha kwa mguu mmoja, akafungua duka la ushonaji Dodoma, akazaa watoto sita. Kila Idi tunapigiana simu. Mimi nilirusha miaka mingi baadaye, nikawa mkufunzi, nikawapa vijana ufagio na maswali, nikastaafu nikiwa meja. Kila anayenifahamu atakuambia mzee huyu hawezi kupita mlango uliofungwa bila kuuliza ndani kuna nini. Swali moja tu nililikwepa.

Sasa mjukuu wangu Rukia anasoma uhandisi chuoni Parramatta. Kiswahili anakisikia vizuri, kukijibu ndiyo kazi. Mwezi uliopita alichukua daftari langu la safari kwa ajili ya zoezi lake la darasani, akawa anapiga hesabu za nguvu za injini, joto na mwinuko, safari baada ya safari. Nilifurahi kama mtoto. Kisha tukafika ukurasa wa safari ile, nilipoandika kwamba mzigo ulizidi tukamshusha mmoja.

Akapiga hesabu. Akaifuta, akapiga tena.

"Babu, this doesn't add up," akasema. "Kwa weight hii mngepanda, easy. Kuna kama eighty kilos haziko hapa. What was it?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini mtoto ameuliza swali zuri, na mimi nimeishi kwa kuwasifu watu wanaouliza maswali mazuri. Nikamweleza yote, ndizi, bibi, na Mkuu wa Kikosi. Alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Does he know?"

"Hajui."

"Babu. Call him."

"Ataniona mtu wa namna gani?"

"I don't know," akasema. "Muulize."

Haikuwa Idi, kwa hiyo Selemani alipopokea alidhani kuna msiba. Nilimwona kwenye kioo cha simu, mvi tupu, futi ya kupimia nguo shingoni. Rukia alikaa kando yangu.

"Selemani, siku ile kijijini, helikopta ilikuwa na ndizi. Na viazi. Nilizikubali mimi. Uzito uliozidi ulikuwa huo, si wako."

"Najua, afande."

"Unajua vipi?"

"Zilikuwa chini ya machela yangu. Yule bibi alizisukuma humo akaniambia pole mwanangu. Mliponishusha, mimi nilikuwa nazitazama."

"Sasa kwa nini hukusema kitu?"

"Koplo amwambie luteni nini? Nilidhani ni amri kutoka juu. Chakula cha kambi." Akaivua ile futi shingoni, akawa anaikunja taratibu. "Miaka yote hii nangoja uniambie ni nani aliyetoa amri ile."

"Hakuna aliyetoa amri, Selemani. Nilisahau. Nilisema asante, nikasahau kwamba zimo."

"Ulisahau tu?"

"Nilisahau tu. Nisamehe, ndugu yangu."

Mikono yake ikasimama. Aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, nami sikujua kama analia au anacheka, mpaka alipoinua uso nikaona ni vyote viwili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mimi nilidhani mlitupima, mimi na ndizi, mkachagua."