Jiwe la Kiarabu lililookoa nyumba ya mjane, Songea

Wakuu, heshima zenu. Hii sikuhadithiwa kijiweni, mikono yangu ilikuwemo. Nikiongeza chumvi, mods wanifungie akaunti.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, Songea kila mtu anataka fremu ya duka. Mimi fundi mwashi, Mngoni, Mkatoliki wa Peramiho kabisa.

Bi Somoe, mjane, alinipa kazi ya kuziba nyufa za nyumba yake ya mawe. Ya zamani, iko barabarani. Kumbe kuna mfanyabiashara anaitaka! Anadai babu yake ndiye aliyeijenga, ukoo wa marehemu mume wa Bi Somoe walikuwa walinzi tu.

Hati hakuna, upande wowote. Zilibaki siku tatu baraza la kata likae kuamua nyumba ni ya nani.

Juu ya mlango kuna jiwe la Kiarabu. Kila Idi wanalipaka chokaa, mpaka herufi zimezibika. Wote wanaamini ni aya ya kinga.

"Shikamoo bibi. Nikwangue hapa nione ufa umeishia wapi?"

"Marahaba. Wee, usiguse! Hilo ndilo linatulinda."

Nikaomba maalim wake aje asimamie. Bibi akakubali shingo upande. Nikakwangua kwa kisu na brashi asubuhi nzima.

Wakuu, herufi zilivyoanza kutoka nilipiga kelele mpaka majirani wakaja mbio!

Maalim akasoma, akaanza kucheka.

"Bi Somoe, hii siyo aya. Ni taarifa ya ukarabati! Huko Sham, nchi za Waarabu, ngome za kale zina mawe kama haya. Wakitengeneza ukuta wanachonga nani kaamuru, kwa mali ya nani, fundi nani."

Jiwe lilisema nyumba ilibomoka, ikajengwa upya na babu wa mume wa Bi Somoe, kwa mali yake mwenyewe. Jina kamili. Hata fundi kaandikwa (hapo nilifurahi kuliko wote).

Bi Somoe akakaa chini, akalia. "Miaka yote tunamfunika mwenye nyumba kwa mikono yetu."

Siku ya baraza wajumbe walikuja hadi mlangoni. Maalim akasoma. Shehe aliyeletwa na mfanyabiashara akasoma. Jina lile lile! Mfanyabiashara akaondoka bila kuaga, nyumba ikabaki ya Bi Somoe.

Nilichojifunza: tuliliheshimu lile jiwe mpaka tukasahau kulisoma. Siku hizi nikimaliza nyumba nachonga jina la mwenye nyumba, na langu chini yake. Wateja wananicheka, poa tu.

Haya, kwenu kuna maandishi gani ukutani ambayo hakuna anayejua yanasema nini? Piga picha uweke hapa, labda kuna mtu atayasoma.